Spika na Kifuniko cha Mfuko

Umewahi kuikana kazi ya mkono wako mwenyewe? Usijibu haraka. Hata Spika, kabla ya Alhamisi ile, angekucheka kwa kumuuliza swali la kitoto.

Spika hakuwa spika wa bunge lolote. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye duka la mlango mmoja kwenye kona ambapo mtaa unapinda kuelekea ofisi za baraza la mji. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ukimpelekea suruali aifupishe, ulirudi nyumbani na suruali pamoja na hotuba. Mguu ulikanyaga cherehani, mdomo ukakanyaga serikali. Mitaro imeziba tangu mvua za mwaka juzi, na kila mwaka inazinduliwa upya kwa kukatwa utepe. Taa za barabarani zinawaka siku ya ugeni tu. Ukienda kutafuta muhuri, mwenye muhuri yuko kikaoni. Ukimngoja atoke kikaoni, muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Ukienda polisi kushtaki wizi, unaambiwa ulete karatasi zako za kuandikia, maana za serikali zimekwisha.

"Karatasi zimekwisha," Spika alipenda kusema, uzi ukiwa mdomoni, "lakini sijasikia hata siku moja virungu vimekwisha."

Watu walicheka, wakamwambia agombee udiwani.

"Nikigombea, nani atawashonea? Mtakuja kunipigia kura uchi."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hotuba zake zote zililipitia mbali. Sare za askari wa baraza la mji, wale wanaofukuza wachuuzi kwenye vibaraza, alizishona yeye. Zote, kwa miaka sita. Daftari lake la vipimo lilijua kifua na kiuno cha kila askari, na nani ameota kitambi tangu apandishwe cheo. Mtu akimchokoza kwa hilo, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi navalisha, sipigi." Lilikuwa jibu zuri. Lilimtosha yeye, na kwa kuwa alikuwa mcheshi, likawatosha na wengine. Ndivyo tulivyo: mtu akituchekesha vya kutosha, hatumuulizi anakula wapi.

Chini ya upenu wa duka lake alikaa fundi viatu, rafiki yake wa miaka kumi na moja, waliyemwita Kisigino. Huyu hakuwa msemaji. Alikuwa msikilizaji wa bunge hilo, wa kudumu, mwenye kugonga nyundo mara mbili hotuba ikimpendeza.

Jumanne Spika alikwenda kununua uzi. Aliporudi alikuta upenu mtupu na watu wamesimama kwa kunong'ona. Kisigino alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Gari la wazi lilikuwa limekuja, watu wanne wenye sare wakashuka na kubeba sanduku lake: nyundo, koleo, chuma cha kupigia soli, na jozi tisa za viatu vya watu. Alipoling'ang'ania, mmoja akamshushia kirungu mkononi, mara mbili, bila haraka. Katika vuta nikuvute hiyo Kisigino alimkamata mtu huyo kifuani kwa mkono wa kushoto. Gari lilipoondoka, kiganjani mwake kilibaki kipande cha kaki chenye kifungo: kifuniko cha mfuko wa shati.

"Yeye ameondoka na sanduku langu," Kisigino alisema, akijaribu kucheka, "mimi nimebaki na mfuko wake. Na wenyewe mtupu."

Wakampeleka hospitali. Hospitali wakataka fomu ya polisi. Polisi wakasema fomu haitolewi mpaka mlalamikaji ataje aliyempiga. Kisigino akasema ni askari wa baraza la mji. Polisi wakasema, basi, hilo ni suala la baraza. Mkono ulifungwa plasta jioni, baada ya mkewe kulia mbele ya watu wa kutosha.

Jumatano asubuhi tangazo likabandikwa ukutani kwenye ofisi za baraza, lenye muhuri. Askari wote wa baraza, lilisema, Jumanne walikuwa kwenye semina ya huduma bora kwa mwananchi. Waliofanya uhalifu ule ni matapeli waliovaa sare za bandia. Baraza linalaani, na linamwomba mwananchi aliyeathirika asilidai sanduku ambalo baraza halikulichukua.

Soma tena uone ustadi wake. Mtu amevunjwa mkono mchana kweupe, na aliyemvunja hayupo duniani.

Ila kipande cha kaki kilikuwepo, na Kisigino akakipeleka polisi, ambao sasa walikuwa na matapeli wa kutafuta. Na mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa kusema kama kaki ile ni ya kweli au ya bandia.

Jioni ya Jumatano afisa ugavi wa baraza alipita dukani. Hakukaa. Alipapasa jora jipya la kaki lililokuwa juu ya meza, la sare arobaini zilizoagizwa.

"Kitambaa kizuri, fundi."

"Kizuri, mheshimiwa."

"Nasikia polisi watakuita. Kaseme unachokijua. Sisi tunajua wewe ni mtu wetu." Akatabasamu, akaenda zake.

Alhamisi Spika akaitwa. Kituoni, kwenye benchi la nje, alimkuta Kisigino, plasta imening'inia kwenye kanga ya mkewe.

"Ndugu yangu," Kisigino alisema, "leo hotuba iwe fupi. Neno moja tu linatosha: ni yangu."

Spika alimpiga begani, upande usio na plasta, akaingia ndani.

Sajini alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa kiti, akafungua bahasha, akaweka kile kifuniko juu ya meza. Spika hakuhitaji hata kukigusa. Kila pembe ya kifuniko ilikuwa na kipembetatu kidogo cha uzi, mshono wa kwenda na kurudi mara tatu, aliofundishwa na mwalimu wake ili mfuko usiachie. Angeutambua gizani, kwa kidole gumba.

"Mzee, hii ni kazi yako?"

Kinywa kilichokuwa hakikauki kikakauka. Alifikiria jora mezani. Alifikiria ada za mwanawe wa mwisho, na neno lile: mtu wetu.

"Hapana," akasema. "Si yangu."

"Una hakika?"

"Fundi haijui kazi yake?"

Sajini akaandika. Kama Spika angenyamaza hapo, angekuwa mwongo wa kawaida, na dunia ina wengi. Lakini sajini alikinyanyua kile kipande kwa ncha za vidole, akasema, kama mtu anayefunga mazungumzo, "Ndiyo, hata mimi nimeona. Kazi ya ovyo hii. Imevutwa kidogo tu, ikachomoka."

"Haikuchomoka." Lilimtoka kabla hajalipima. "Tazama hapa, kijana. Kitambaa ndicho kilichochanika. Mshono haukuachia hata uzi mmoja. Unaona pembe hii? Anayeweza pembe hii si fundi wa ovyo."

"Ni fundi mzuri?"

"Fundi hasa."

"Kama wewe?"

"Aliyefundishwa kama nilivyofundishwa mimi."

"Na wewe umemfundisha nani?"

"Nimefundisha watu wengi."

"Walioko mtaani sasa hivi?"

Aliona shimo wakati mguu umeshaingia. Akasema wengi wamehama. Sajini akauliza nani hajahama. Akasema haikumbuki mitaa yao. Sajini akatabasamu kwa adabu ileile, akamsomea maelezo kwa lugha ya kiserikali, ambayo hata mtu aliyeyasema hayatambui: kwamba kielelezo hakikushonwa na yeye, bali na fundi mwenye ujuzi wa hali ya juu aliyepata mafunzo kwake. Mwisho ikawepo sentensi ile isiyokosekana: maelezo haya nimesomewa na nimeyakubali kuwa ni sahihi.

Spika, aliyewasema wenye mihuri miaka yote, akaweka saini. Saini yake ilikuwa nzuri pia.

Nje, Kisigino alisimama kwa shida. "Umewaambia?"

"Nimeandika maelezo."

"Nilijua. Nilimwambia mama watoto, Spika anaweza kuninyima nafasi ya kusema, hawezi kuninyima neno." Akamshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaubana kwa nguvu. Walirudi pamoja hadi kwenye kona, na njia nzima Spika hakusema kitu kuhusu mitaro. Kisigino alidhani ni huzuni kwa ajili yake, akamshukuru na kwa hilo.

Nyumbani, mkewe alijua kabla ya sahani kufika mezani. Mwanamke aliyeishi na redio miaka thelathini hujua ikizimwa.

"Umesema nini huko?"

"Nimesema si yangu."

Aliendelea kupakua chakula. "Na gauni hili nililovaa, baba? Wakikuuliza?"

"Usinitanie, mama."

"Sitanii. Nataka nijue kama nimevaa nguo."

Akamweleza yote, hata pembe, hata fundi hasa. Mkewe akaweka upawa chini.

"Waliobaki mtaani ambao umewafundisha ni wangapi?"

Wote wawili walijua. Alikuwa mmoja. Upande wa pili wa barabara, milango minne kutoka kwake, mjane mmoja alishona sare za shule. Watoto walimwita Mama Sare. Alikuja kwa Spika baada ya kufiwa, hajui hata kupitisha uzi kwenye sindano, akakaa miaka mitatu. Mpaka leo alimwita Mwalimu, na nguo ngumu ikimshinda aliivusha barabara kumuuliza. Pembe za mifuko yake zilikuwa na vipembetatu.

"Kesho asubuhi nitakwenda," Spika alisema. "Nitayafuta."

"Kesho," mkewe akarudia. "Si hilo ndilo neno la watu wa ofisini unaowasema?"

Alitoka nyumbani mapema, kabla ya chai, amevaa koti lake la harusi za watu. Njiani alipanga maneno. Alikuwa mwepesi wa maneno, lakini asubuhi ile kila sentensi aliyoianza ilitaka kumalizikia kwa sababu, na kila sababu ilinuka. Mwishowe akabakiwa na lile neno moja aliloombwa na Kisigino.

Hakufika kituoni. Alipokata kona aliona gari la polisi limesimama mbele ya mlango wa Mama Sare, na watu wamejaa. Askari wawili walikuwa wanatoa cherehani yake, mmoja ameishika kichwa, mwingine miguu, sketi ya shule ikiwa bado imebanwa chini ya sindano, inaburuzika. Mwenyewe alikuwa ameshapandishwa nyuma, futi ya kupimia shingoni, anaeleza kwa sauti ya utulivu kama mtu anayemweleza mteja asiyeelewa.

"Baba, mimi nashona za watoto tu. Tazama ndani, kuna kaki? Muulizeni Mwalimu. Yule pale anakuja. Mwalimu, waambie."

Watu wakampisha. Sajini akamwona, akampungia mkono kwa heshima, mbele ya mtaa mzima.

"Mzee, asante sana. Maelezo yako yametufupishia kazi."

Kisigino alikuwa pale, na plasta yake. Spika aliona neno hilo likimfikia polepole, kama maji kwenye nguo, mpaka likafika machoni.

"Ni yangu," Spika alisema.

"Kipi?"

"Kile kifuniko. Nimekishona mimi. Sare ni za baraza, na aliyevaa ni askari wa baraza. Nina vipimo vyao wote daftarini. Mshushe huyu mama."

Sajini alimtazama, si kwa hasira, ila kwa uchovu wa mtu ambaye faili lake limekamilika.

"Jana hukukijua, leo asubuhi unakijua. Na saini ni yako. Nimwamini fundi yupi, wa jana au wa leo?"

"Wa leo."

"Basi wa leo aje kituoni, aandike maelezo mapya. Aje na karatasi." Akapanda mbele, akafunga mlango.

"Nami nipakieni."

"Gari limejaa, mzee."

Gari halikujaa. Nyuma alikuwepo mwanamke mmoja, askari wawili na cherehani. Spika alimgeukia Kisigino, lakini Kisigino alikuwa amekwenda kwenye mlango wa Mama Sare na anajaribu kuuvuta ufungike, kwa mkono mmoja, mlango unamgomea. Spika alinyoosha mkono kumsaidia.

"Uache," Kisigino alisema. "Wewe nenda."

Spika akaanza kutembea nyuma ya gari, katikati ya barabara, na koti lake. Gari lilikwenda taratibu kwa ajili ya mashimo. Alikuwa karibu kiasi cha kuona kila kitu: Mama Sare ameketi sakafuni, ameikumbatia cherehani kwa mikono miwili isianguke kila gari lilipotumbukia shimoni. Alikuwa amesikia yote. Hakuinua uso kumtazama, hata gari lilipokata kona.