Deni Lake Juu Yangu

Siku ya kwanza kazini nlikwenda na kanzu ya kuazima, maana ile nliyotoka nayo Unguja ilikuwa haitazamiki. Mwaka sitini na nne huo. Karani Mkuu wa mahakama ya kadhi hapa Maskati, mzee mkali asiyependa salamu ndefu, alinikabidhi kalamu akaniuliza, "Kiarabu chako cha kusoma au cha sokoni?"

Nikamwambia cha kusoma.

"Basi utaandika. Na wakija hawa wenzako wa Unguja, utawafasiria. Neno kwa neno. Ukitia lako, huna kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akifa, alichokiacha tukikiita tirka. Kwanza hutolewa gharama za sanda na mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Madeni yakiimaliza tirka, mrithi huondoka mikono mitupu, lakini yeye mwenyewe hadaiwi. Nyinyi vijana wa leo mnatukanana kwenye simu kwa ajili ya ghala aliloacha baba yenu, kumbe hata hili hamlijui.

Mwaka wa pili ikaja kesi ya Qurayyat, mji wa pwani si mbali na hapa. Mwenye mitende mmoja alikufa akaacha madeni makubwa kuliko mitende yake. Mwanawe, Nasor, alizaliwa na kukulia Unguja, karudi juzi tu, Kiarabu hana. Lakini alikuwa na shamba lake mwenyewe huko huko Qurayyat, alilopewa na babu yake mzaa mama, na kijumba ndani yake. Humo ndimo alimokaa mama yake, Bi Zuwena, na dada zake wawili. Pengine pa kwenda hawakuwa napo.

Sasa sikilizeni kosa lake. Kwetu Unguja, kabla maiti hajazikwa, mwana husimama mbele ya watu akasema, "Anayemdai marehemu, deni lake juu yangu." Ni adabu. Maana yake njooni kwangu tusikilizane, asije baba akabaki kafungwa na deni. Nasor akayasema hayo makaburini, kwa Kiswahili. Mdai mkubwa, mfanyabiashara wa Matrah, alikuwapo. Naye kaishi Unguja miaka, maana ya maneno yale akiijua kama nnavyoijua mimi. Akaja mahakamani na mashahidi wawili, anataka shamba la Nasor.

Kadhi akamwuliza Nasor kama kweli alisema. Nikafasiri.

"Nlisema, Sheikh," akajibu Nasor bila ya kusita. "Nani hasemi?"

Kadhi akanigeukia mimi. "Kasema nini hasa?"

Nikasema, "Alayya." Yaani deni liko shingoni mwangu. Kwa sheria, neno hilo ni dhamana: mtu kajibebesha deni la mwenzake, na atalilipa kwa mali yake mwenyewe.

Kadhi akaiweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa haki yule, Mungu amrehemu. "Na ndiyo maana yake huko kwenu?"

Nlijua siyo. Wallahi nlijua. Babangu mimi alizikwa kwa maneno yale yale, na hakuna aliyetunyang'anya hata mkeka. Lakini Karani Mkuu alikuwa kakaa nyuma yangu, na nkaogopa kusemwa kwamba watu wa Unguja wanabebana. Nlikuwa na mke mja mzito na kazi ya mwaka mmoja.

"Ndiyo, Sheikh," nikasema.

Shamba likauzwa. Nasor akenda Kuwait kubeba mizigo bandarini. Barua zake kwa mama yake zilikuja miaka miwili, kisha zikakatika, na mpaka leo hajulikani alipo. Kadhi akahamishwa. Sikumwambia kitu.

Nimestaafu zamani. Watu hunisifu kwamba sikula rushwa hata siku moja, na ni kweli, sikula. Hunichefua sifa hizo. Mwaka wa sabini nlikutana na Bi Zuwena huko Matrah, kabeba furushi la nguo za watu anazofua kwa ujira. Nkataka kugeuza njia, keshaniona.

"Wewe si ndiye uliyemsemea Nasor wangu kwa Kadhi?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama."

Akaliteremsha furushi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu hakuwa na mtu siku ile isipokuwa wewe. Mungu atakulipa."

Nikaitikia, "Amin."