Volti Kumi na Mbili za Uongo

Saa moja na dakika kumi asubuhi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kihonda. Bodaboda yake, ile ya kisasa yenye pampu ya umeme na kompyuta badala ya kabureta, ilikuwa siku ya tatu haiwaki. Fundi wake wa Mwembesongo alikuwa amemfungia pampu mpya ya mafuta bila mafanikio, na sasa alitaka kompyuta ya pikipiki ibadilishwe. Fedha ya kompyuta mdogo wangu hakuwa nayo. Alikuwa na bati thelathini za kuezekea nyumba yake, na mnunuzi wa bati angefika saa nne.

"Mwambie asubiri," nilisema.

"Nimeshampa neno langu, kaka."

Nilifika na mita yangu ya kupimia umeme na daftari. Fundi alikuwa uani, amekalia pikipiki, anakunywa chai.

"Injinia wa daftari huyo," akasema. "Shikamoo mzee. Andika kabisa: kompyuta imekufa."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Pampu mpya, na umeme unafika, volti kumi na mbili. Kimebaki nini?"

Nilimwuliza alivyopima. Alikuwa amechomoa soketi kwenye pampu, akapima soketi ikiwa tupu. Waya uliooza, usipobeba mzigo, utakuonyesha volti kumi na mbili bila aibu. Upe kazi ndipo uuone. Hilo nilijifunza peke yangu, kwa kitabu kilichochakaa na fyuzi nyingi nilizounguza, na halihitaji akili kubwa. Linahitaji dakika tano, na dakika hizo mafundi wetu hawazitoi kwa sababu hakuna anayezilipia. Kinacholipwa ni kufunga kifaa.

Nilirudisha soketi, nikapenyeza ncha za mita kwa nyuma, nikawasha swichi na kusoma katika zile sekunde mbili ambazo pampu hupewa umeme. Betri ilikuwa na kumi na mbili nukta nne. Kwenye pampu, nne nukta tisa. Nikaandika. Fundi akaweka kikombe chini.

Fyuzi ilikuwa nzima. Niliufuata waya kutoka hapo hadi chini ya siti, ukaingia kwenye kifundo cha mfuko wa nailoni. Ndani yake waya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono, zimeliwa na kutu ya kijani, zikielekea kwenye swichi ndogo iliyofichwa.

"Hii nini?"

Mdogo wangu alitazama chini. "Ya kuzuia wezi. Nilifungiwa Dumila."

"Fundi ulimwambia?"

"Swichi ya siri haisemwi, kaka. Hata shemeji yako hajui."

Siku tatu amesimama akimtazama mtu anafumua pikipiki yake, na amenyamaza! Nilishindwa nimkasirikie nani kwanza.

Nilikata waya zilizooza, nikalehemu nzima. Pampu ikavuma, injini ikawaka. Ilikuwa saa tatu na nusu. Mnunuzi wa bati alipopigiwa simu kwamba asije alitutukana, nikamwacha atukane.

"Pampu ya zamani iko wapi?" nilimwuliza fundi.

"Ile imeshapata mtu, mzee."

"Si ulisema imekufa?"

"Mjini hapa kila kitu kina mtu wake."

"Basi rudisha hii mpya."

"Kifaa cha umeme kikishafungwa, dukani hawakipokei. Hilo hata wewe unalijua."

Nalijua. Bati zilibaki thelathini. Kwa kubadilisha pampu ambayo haikuwa na kosa lolote, mdogo wangu alipoteza shilingi laki moja na elfu themanini.