Ukurasa wa Kumi na Mbili

Yule mwalimu wangu wa historia ya Marekani amekufa. Habari nimeipata kwa simu kutoka kwa shoga yangu wa zamani, Mhindi mwenzangu mzaliwa wa Nairobi, ambaye mpaka leo anaishi Hayes, huku London, nyuma ya shule ile ile tuliyosoma. "Shoga, yule bwana wako wa Amerika kaenda zake," aliniambia. "Funeral ni Alhamisi." Desturi naijua: marehemu hutajwa kwa mema, na mabaya yake hufukiwa pamoja naye. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba huwa naifuata, hata kwa watu ambao jema lao ilinibidi nilitafute kwa tochi. Leo mtaniwia radhi. Jina lake silitaji, kwa kuwa na yeye langu hakuwahi kulitaja; kwake nilikuwa "wewe wa dirishani" tu.

Tulifika London miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakishuka uwanja wa ndege na masanduku yao ya bati, wamevaa nguo za joto la kwao. Baba alikuwa karani wa bandari Mombasa, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni; hapa akapata kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka wa shule ulianza Septemba, nikaingia darasani na koti la kaka yangu, na mwalimu alipoingia nikasimama wima kumwamkia kama tulivyofunzwa kwetu. Nilisimama peke yangu. Wenzangu walicheka, yeye akagawa vitabu vya historia ya Marekani, akachora pwani ya nchi hiyo ubaoni kwa chaki, na kusema kweli aliichora vizuri. Kisha akatupa kazi ya nyumbani: tusome ukurasa wa kumi na mbili, unaoeleza jinsi walowezi walivyokasirishwa na ushuru wa chai wakaimwaga baharini, na Jumatatu tungefanya mtihani. Atakayefaulu angebaki kwake, kwenye darasa la wale watakaofanya mitihani na kuendelea na masomo. Atakayeshindwa angepelekwa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya jiko la shule, ambako watoto wa wageni walifundishwa majina ya matunda kwa picha.

Kwetu Mombasa kusoma kulikuwa na maana moja. Chuoni tulihifadhi Kurani, skuli pia tulihifadhi, na mwanafunzi bora alikuwa yule anayekirudisha kitabu kwa mwalimu bila kukipunguza wala kukiongeza. Kubadilisha maneno ya kitabu ulikuwa utovu wa adabu. Basi Jumamosi na Jumapili nilikariri mbele ya mama, yeye amekaa karibu na hita ya mafuta na kitabu mapajani. Mama hakujua herufi moja ya Kizungu, lakini sauti yangu aliijua. "Hapo umekwama," alikuwa akisema. "Rudi juu, anza tena. Na usimeze maneno, wamkimbia nani?" Ilipofika magharibi ya Jumapili, ukurasa ule ulikuwa wangu wote, pamoja na mikato na nukta zake.

Jumatatu tukaambiwa tuandike tulichosoma, nami nikauandika. Niliandika hata pale katikati palipochapwa "tazama picha iliyo kushoto", maana kitabu ndivyo kilivyosema, na mimi nilikuwa nani wa kukikata kitabu kauli? Hapo ndipo nilipojimaliza. Mwalimu aliisoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya darasa, na alipofika kwenye maneno hayo akageuza shingo polepole, akautazama ukuta mtupu uliokuwa kushoto kwake. Darasa zima likaangua kicheko.

"Kitabu kilikuwa wapi?" akaniuliza. "Mapajani?"

"Kichwani, sir."

Wakacheka tena.

"Naweza kuusoma sasa hivi, sir. Wote, toka mwanzo."

"Sina haja ya kukusikiliza," alisema. "Kaa chini."

Akaniwekea sifuri nyekundu na neno moja chini yake, kwamba nimenakili. Kesho yake nikahamishiwa kibandani. Baba aliomba ruhusa ghalani, akaja na barua ya mwalimu mkuu wangu wa Mombasa, akasimama mlangoni na nguo zake za kazi, akimwita "sir" kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. "Nakuomba, sir, msikilize mtoto dakika mbili tu." Barua haikufunguliwa. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima baba alisema jambo moja: "Mamako usimwambie." Mama alikwenda kaburini akiamini kwamba nilifaulu.

Wako watakaomtetea marehemu. Watasema hakujua, zama zenyewe zilikuwa hivyo. Utetezi huo nimeusikia sana na nimeuchoka. Huyu mtu alikuwa akifundisha, chaki mkononi na sauti imepanda, habari za watu waliomwasi mfalme kwa sababu mfalme hakutaka kuwasikiliza, na hapo hapo akaombwa dakika mbili za kumsikiliza mtoto, akazinyima. Walikuwa wengi wa aina yake. Waliyaona masanduku yetu, wakaamua kwamba yote tuliyokuja nayo yamo humo. Wahandisi wa Kampala walifagia karakana, walimu wa Nairobi walibandika lebo viwandani, na sisi wenyewe tukausaidia uonevu huo kwa kuinamisha vichwa na kushukuru. Mimi niliacha shule na miaka kumi na sita bila cheti hata kimoja, nikakunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali miaka tisa, na vyeti nikavipata ukubwani, nikiwa na mtoto. Kila Septemba, watoto wanapopita barabarani na sare mpya, ukurasa wa kumi na mbili hunijia mdomoni wenyewe nikiosha vyombo.

Na nilikutana naye. Ilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, amekwisha kuzeeka, fimbo mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nimejiandalia la kumwambia. Akanitazama asinijue, akatabasamu, akanipisha nitangulie. Mimi nikasema, "Thank you, sir." Naichukia ile "sir" ya duka la dawa kuliko ile sifuri.

Kwa hiyo Alhamisi nilikwenda. Binti yangu ndiye aliyeniendesha, na alipoona ninavyokunja midomo alininong'oneza, "Mum, please don't." Jeneza lilikuwa mbele, limepambwa maua meupe. Bintiye marehemu, mama wa makamo mwenye macho mekundu, akauliza kama yuko mwenye neno aliyesomeshwa na babake. Nikasimama wima, kama siku ile. Nikamsomea marehemu ukurasa wake. Niliusoma wote kwa Kiingereza cha kitabu, ushuru, chai, bahari na hasira za walowezi, sikukwama wala sikumeza neno, na nilipofika pale pa "tazama picha iliyo kushoto" nikageuza shingo polepole, nikautazama ukuta. Watu walicheka kwa upole. Nilipomaliza, wakapiga makofi.

Bintiye akaja akanishika mikono yote miwili, analia. "Miaka yote hii na bado unakumbuka!" alisema. "Alikuwa mwalimu mzuri sana, sivyo?" Nilikuwa nimekuja kulipiza kisasi, na kumbe nimempamba. Akaniomba nimwandikie ukurasa ule, auweke kwenye kumbukumbu za familia. Nikakaa, nikageuza karatasi ya ratiba ya mazishi, nikauandika wote yeye akinisimamia. Hakukuwa na kitabu mapajani mwangu, na hilo aliliona kwa macho yake. Chini nikaandika jina langu kamili, herufi moja moja, nikamkabidhi.

"Babako alinipa sifuri kwa haya," nilimwambia. "Alisema nimenakili. Hakutaka kunisikiliza."

Tabasamu lilimpotea. Aliitazama karatasi, akanitazama, akasema, "Samahani," kwa sauti ndogo sana. Sitawadanganya: neno lile lilikuwa tamu. Lakini halikuwa lake kulisema, wala mtu aliyetakiwa kulisikia hakuwapo. Alikuwa akifunga maboksi ghalani, na amekufa zamani.

Basi nanyi mnaonisoma, mkiwa na mtu aliyewadhulumu na bado anapumua, msingojee awe mpole kwa uzee ndipo mumhurumie. Mfuateni leo, hata kama ni kwenye foleni ya dawa, mumwambie angali na masikio. Mimi nilikuwa na ukurasa mzima wa kumsomea, nikaja kulisomea jeneza.