Barua za Mzee Rula

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Aliitwa Mzee Rula, kwa sababu miaka thelathini na mmoja aliyochora ramani idara ya ardhi, rula haikubanduka kwenye mfuko wake wa shati, na hata alipostaafu aliendelea kuibeba kama wengine wanavyovaa saa. Mkewe alikuwa akisema kwamba siku akifa itabidi ichomolewe kwanza ndipo azikwe.

Mtaa wenyewe ulikuwa nyumba arobaini na moja zilizojificha katikati ya miti. Miti iliachwa makusudi wakati wa kupima viwanja, na aliyechora ramani ile alikuwa yeye, enzi za ujana wake. Namba ya kila kiwanja alikuwa nayo kichwani. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza kwa yule jirani nesi ni kiwanja namba gani, angekujibu kabla hajafumbua macho. Jambo hili lilimpa kichwa kikubwa, tusifichane. Watu wakigombania mpaka, wakitaka kuvuta umeme, hawakwenda ofisini. Walikwenda barazani kwa Mzee Rula, naye akawatajia namba huku akitazama pembeni, kama mtu anayetoa msaada mdogo tu.

Kisha tangazo likabandikwa kwenye nguzo ya umeme pale njia panda. Halmashauri ilikusudia kubadilisha matumizi ya ardhi yao, isiwe tena ya makazi, iwe eneo la ofisi na viwanda, na wakazi wahame. Mwenye pingamizi aandike ndani ya siku thelathini na ataje namba ya kiwanja chake. Asiyeandika angehesabiwa amekubali.

Wengine waliogopa kupoteza bustani. Mzee Rula aliogopa kwa ajili ya mkewe. Macho ya mama yule yalikuwa yanaisha. Alibakiwa na mwanga hafifu upande mmoja. Lakini ndani ya nyumba ile alipika, alifua, alikwenda kisimani na kurudi bila kushikwa mkono, maana kila kizingiti alikizoea akiwa bado anaona. Humo ndani alikuwa mama wa nyumba. Kwingine kokote angekuwa kipofu wa kuketishwa kwenye kiti, na wote wawili walilijua hilo bila kulizungumza.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alikuja jioni ileile.

"Sasa mzee, tunafanyaje?"

"Tunaandika. Kila nyumba na barua yake. Barua moja yenye sahihi nyingi wataihesabu moja, nawajua wale."

"Na hizo namba? Wengine hati zetu hata hatujui ziko wapi."

"Namba niachie mimi."

Akaandika barua zote arobaini na moja kwa mkono wake, kwa zile herufi za wachora ramani zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride. Ikidondoka nukta ya wino, alichana akaanza upya. Majirani walikuja mmoja mmoja kutia sahihi, wakasifu mwandiko. Na tuseme ukweli, siku zile alikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu astaafu.

"Baba watoto," mkewe alimwambia mara moja, "si upite ofisini ukahakikishe kwanza?"

"Nihakikishe nini? Ramani niliichora mimi."

Alichukia, akarudi kwenye barua zake. Barua alizipeleka siku ya thelathini, zote safi, bila doa.

Siku ya kikao ukumbi wa halmashauri ulijaa. Aliyesimama kusoma alikuwa afisa mipango miji, dada mpole ambaye Mzee Rula mwenyewe alimfundisha kazi alipoajiriwa. Alisoma bila kuinua uso. Pingamizi arobaini na moja zilipokelewa. Eneo lile lilipimwa upya miaka sita iliyopita, mipaka ikabaki ileile ila namba zote zikabadilika. Viwanja vilivyotajwa kwenye barua havimo katika daftari. Kwa hiyo, kwa mujibu wa taratibu, hakuna pingamizi hata moja.

Wakati wa upimaji ule mpya, Mzee Rula alikuwa ameshastaafu. Hati mpya zilikaa ofisini zikisubiri wenyewe. Nani angezifuata, wakati Mzee Rula yupo?

Alisimama.

"Nyumba ni zilezile, mwanangu. Na sisi ndio hawahawa."

"Najua, mzee wangu. Kwako napajua, nimekula pale."

"Si ungeniambia?"

"Mlizileta siku ya mwisho, mzee. Na daftari liko dirishani, yeyote anaruhusiwa kuangalia."

Madiwani wakanyoosha mikono, mambo yakaisha.

Hakuna jirani aliyemtukana. Laiti wangemtukana. Mwalimu alimshika bega akasema, "Usijilaumu, mzee," na tangu siku hiyo hakukanyaga tena barazani. Nesi alihama wa kwanza, kisha wengine. Mkewe naye hakumkumbusha neno, ila alianza kukaa kitini mchana kutwa, mikono mapajani, na alipoulizwa anafanya nini alisema anajizoesha.

Mwezi wa tatu baada ya kikao wakaja wapimaji wa kampuni ya kujenga viwanda, vijana watatu wenye viatu vya plastiki na mashine ya miguu mitatu. Walihangaika asubuhi nzima. Zile bikoni za zege zinazoonyesha kona za viwanja zilikuwa zimefukiwa na majani na mizizi, na bila hizo misumeno ya kukata miti isingeanza kazi. Mwishowe mmoja akaja mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Tumeambiwa wewe ndiye unayeijua ardhi hii."

Miezi miwili ilikuwa imepita bila mtu kumwuliza kitu. Mkewe, kutoka kitini, alisikia kandambili za mumewe zikiteremka ngazi na sauti yake ikiwaelekeza: chimba hapa, si hapo, sogea kidogo kulia.

Alianza na bikoni za mwalimu, akaja za nesi. Alimaliza na zile nne za kiwanja chake, na hakukosea hata moja.