Mawese Kwenye Injini ya Baba

Nilimimina mawese kwenye injini ya gari la marehemu baba. Naliweka hili mbele kabisa nisije nikaambiwa nimelificha, maana mtaani kwetu Ujiji hata watoto wa chekechea wanalijua. Vilikuwa vikombe viwili vya bati, mawese ya mama, yale mazito mekundu anayoagiza Ilagala na kuyauza sokoni. Nilikuwa kidato cha kwanza na nilijiona fundi.

Gari lenyewe lilivushwa ziwa kutoka Kongo juu ya boti ya mizigo, kabla sijazaliwa. Usukani wake uko kushoto, boneti yake ndefu kama kitanda cha wageni, na chini ya boneti silinda nane. Baba aliliendesha miaka michache, likamgomea, akalipandisha juu ya matofali nyuma ya nyumba akisema atalitengeneza. Nikiwa darasa la tatu akafariki. Vitu vyake vilivyobaki vilikuwa viwili, gari lisilotembea na saa isiyotembea. Saa aliichukua shangazi.

Aliyesema tulifufue ni baba mdogo. Yeye ni fundi wa injini za boti, kwa hiyo kazi yetu ilifuata mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, boti zinalala ufukweni na yeye anashinda huko akizitengeneza. Giza likirudi, boti zinaingia ziwani, naye anakuja kwetu na boksi lake la spana. Na zaidi tulifanya masika, kwa sababu kiangazi wateja hawakumwachia hata nafasi ya kukohoa. Tulifunga turubai kutoka ukutani hadi kwenye mpapai. Mvua ilitupiga migongoni, vidole vikafa ganzi. Anayesema Kigoma hakuna baridi hajawahi kushika spana ya chuma siku ambayo mvua imeanza tangu alfajiri.

Makubaliano yetu yalikuwa mafupi. Baba mdogo aliyasema akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Siku unamaliza mtihani wa kidato cha nne, unakaa wewe kwenye usukani wa baba yako. Tunatoka hapa hadi Kigoma mjini, tunarudi."

Sikuomba kitu kingine. Niliiwazia safari hiyo darasani, hasa kwenye kipindi cha hesabu. Nilijua hadi mkono nitakaoutoa dirishani.

Sasa mawese. Pistoni zilikuwa zimegandana na kutu, na baba mdogo alikuwa ameniagiza nitie oili kwenye matundu ya plagi kila jioni ili ziloane. Jioni moja oili ikaisha, naye yuko ufukweni. Nikawaza kwamba bibi hulainisha kitasa cha mlango kwa mawese, na kitasa hakijawahi kulalamika. Asubuhi nikachungulia, yameganda kama siagi. Nikarudisha plagi, nikafunga boneti, nikaenda shule nikiwa mtiifu kuliko kawaida.

Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, ilitoa moshi mnene wenye harufu ya samaki wa kukaanga. Jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Mnakaanga nini wenzetu? Mimi sahani ninayo."

Baba mdogo akanigeukia taratibu. Nikakiri. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

"Wewe mtoto. Injini imelishwa mawese na bado imeamka. Hii haifi."

Haifi. Alisema hivyo, jirani ni shahidi.

Ilikuwa na tatizo moja tu, silinda ya saba. Injini inapiga vizuri, halafu inakohoa kikohozi kimoja kikavu, kisha inaendelea kana kwamba haikusema kitu. Baba mdogo alibadilisha plagi, waya, akafungua kabureta mara nne, kikohozi kipo. Jioni moja mama alitoka jikoni akijifuta mikono. Hakuwa na kawaida ya kuja kule nyuma. Akasimama kidogo akiisikiliza.

"Ilikuwa inakohoa hivyohivyo," akasema. "Ndivyo nilivyokuwa najua anarudi."

Akarudi jikoni. Kuanzia hapo hakuna aliyeigusa tena silinda ya saba.

Masika ya tatu, mimi kidato cha tatu, nilirudi kutoka shule nikakuta boneti iko wazi na ndani hakuna kitu. Shimo. Waya zinaning'inia kama utumbo wa kuku. Baba mdogo amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo baba mdogo. Injini iko wapi?"

"Marahaba. Kaa."

"Nimekaa," nikasema nikiwa nimesimama.

"Ni yale mawese. Yalibaki ndani, yakala chuma polepole. Nimeipeleka mjini kwa mchonga vyuma, lakini usiweke matumaini."

"Ulisema haifi."

"Nilisema ili usilie."

Mama alikuwa palepale, anachuja mawese kwa kitambaa. Mama yangu ana uwezo wa kumsema mtu tangu chai hadi chakula cha mchana kwa ajili ya kikombe kilichowekwa mahali si pake. Siku hiyo hakusema kitu. Nikadhani ni huzuni.

Basi masika yote nikafanya toba. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikatoka ngozi. Nilipaka rangi milango, nikasafisha viti, nikang'arisha hata kile kidubwasha cha kupandishia kioo. Gari lisilo na injini likawa linapendeza kuliko nyumba yetu. Shuleni habari zilishafika.

"Oyaa Mawese, gari imeiva?"

"Bado chumvi," nilikuwa nawajibu, na darasa linaanguka kwa kicheko. Mimi ndiye mchekeshaji wao, sikuweza kugoma siku ya zamu yangu. Ila nilipokuwa peke yangu chini ya turubai nilijiona nimemzika baba mara ya pili, tena kwa mafuta ya kupikia.

Kuna jambo lilikuwa wazi na sikulitazama. Masika ile barabara ya Ilagala ilikuwa tope tupu, wauza mawese wenzake mama walikaa sokoni na chupa tupu. Mama hakuishiwa hata wiki moja.

Jumamosi fulani nilikuwa ufukweni nafua sare za shule. Sabuni mkononi, maji magotini. Kutoka upande wa kusini, upande wa Ilagala, nikasikia boti inakuja. Injini inapiga vizuri, halafu inakohoa kikohozi kimoja kikavu, kisha inaendelea kana kwamba haikusema kitu.

Sabuni ilienda na maji, sikuifuata.

Boti ilikuwa ya mbao, ya bluu, pua juu, abiria wamefunika vichwa kwa khanga na mifuko ya nailoni. Nyuma kabisa, amevua shati, taulo shingoni, mkono juu ya injini ya baba, alikuwa baba mdogo. Aliponiona alianza kushughulikia kamba ambayo haikuwa na shida yoyote.

Nikapanda.

"Shikamoo." Hata ukiwa umesalitiwa, lazima uamkie. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Marahaba mwanangu."

"Mgonjwa naona amepona."

"Punguza sauti, kuna abiria."

"Uliniambia mawese yameiua."

"Mawese hayana neno. Injini gani inakufa kwa vikombe viwili?" Akajifuta uso. "Tulikuwa tunahitaji injini yenye nguvu. Ile ilikuwa imekaa pale inaliwa na mvua."

"Si ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Sasa ndiyo maana sikukuuliza."

Mama mmoja aliyebeba kuku akatuambia tuteremke tugombane nchi kavu, yeye anachelewa sokoni. Baba mdogo akamshika mkono kumshusha, kwa adabu zote, kisha akanirudia.

"Gari lenyewe halina breki. Ungeenda nalo wapi? Mjini na kurudi?"

"Ndiyo," nikasema. "Mjini na kurudi."

Akaishika tena ile kamba yake. Nilitafuta neno la kumchekesha au la kumchoma, na mimi huwa nayo mengi, nikakosa. Kwenye tumbo la boti kulikuwa na madumu ya njano ya mawese. Nikalipiga teke dumu lililokuwa karibu, likalala ubavu, nikaruka majini na kwenda nyumbani.

Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, sare mbichi begani inanichuruzikia mgongoni. Injini ya baba iko kwenye boti ya Ilagala. Haikufa. Tumedanganywa, mama, mimi na wewe. Nilisema hivyo kabisa, mimi na wewe.

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Imesharudi?" akasema mama. "Mbona leo mapema. Nenda kaniletee madumu yangu matatu, na uangalie kama vifuniko havivuji."