Jenerali Hanyanyui Gogo

Siku tuliyopakia maharage pale Lyamkena, Makambako, mdogo wangu Enoki alifagia bodi la lori mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kupakia, mara ya pili akidai vibarua wameingia na tope la Njombe miguuni. Wakati huo Enoki alikuwa na duka lake, ana mke na watoto, na ana vijana wa kumfanyia kazi. Vijana wenyewe walikuwa wamesimama pembeni wanamtazama.

"Bosi, lete fagio," mmoja akasema.

"Nikikupa fagio leo, kesho utadai meza," Enoki akamjibu. "Hebu nitazame kwanza. Kufagia kwenyewe hujui."

Wakacheka wote. Mimi nikamwambia aache maneno, safari ni ndefu.

Ndivyo tunavyofundishana sisi Wakinga. Kijana akishuka kutoka Makete anaingia dukani kwa ndugu yake. Analala humo, anafagia, anabeba, mshahara hapokei. Siku ndugu akiridhika naye, anamfungulia duka lake. Mimi nilitoka Matamba na darasa la nne na shati moja. Nikafagia kwa baba mdogo hapa Makambako, nikafunguliwa. Enoki akaja akafagia kwangu, nikamfungulia. Leo wenye vyeti vyao vya ukutani wakinikuta njiani wananiamkia, na mimi naitikia.

Kabla ya duka nilipita jeshini. Nilienda vita ya Kagera nikarudi na tepe mbili mkononi, koplo. Nasema hivyo ili msomaji ajue kwamba ninaposema habari za vyeo, sisimulii ya kuambiwa. Koplo ana watu wake wachache. Anajua nani kiatu kimetoboka na nani tumbo linamsumbua. Wakilala njaa anaulizwa yeye. Juu yake yuko sajini, anayewajua makoplo wote na mama zao. Nyota moja begani ni luteni usu, kijana mbichi anayemwamuru sajini huku akimwibia ujuzi. Nyota mbili luteni, tatu kapteni. Meja anavaa Bibi na Bwana, ile nembo ya taifa. Kila anayepanda anaongezewa watu wa kuwajibikia. Akifa mmoja, kuna mtu mwenye cheo ambaye usingizi wake umekwisha. Hicho ndicho cheo. Kingine chochote ni kitambaa.

Basi tukaondoka na maharage na mchele, naendesha mwenyewe, mpaka mji mmoja wa mashariki ya Kongo, kando ya ziwa, chini ya mlima wa moto. Jina la mji ule nimeacha kulitamka. Biashara ilikuwa nzuri. Tulipanga stoo, tukauza. Mlima ulikuwa unatoa moshi kila siku, na watu hawakuujali, kama usivyomjali jirani mvuta sigara.

Enoki alikuwa na pumu tangu utotoni. Baridi ya Matamba na moshi wa jikoni vilimwanzishia. Alitembea na dawa yake ya kupuliza mdomoni, na mke wake alikuwa ameniambia mbele ya geti: "Shemeji, umrudishe."

Nikamwambia nitamrudisha.

Majivu yalianza asubuhi moja ya kawaida kabisa. Nilidhani ni ukungu, ule wa kwetu wa mwezi wa saba. Nikanyoosha mkono, ukungu ukabaki kiganjani.

Nimekula vumbi maisha yangu yote. Vumbi la Makambako lina adabu: ukilipiga kwa kitambaa linaondoka, ukilimwagia maji linatulia. Majivu ya mlima ule hayana adabu wala haya. Ni chenga za jiwe. Yanaingia kwenye chai ukiwa umefunika kikombe. Ugali unalia kati ya meno. Ukifuta jicho unalikwaruza, ukifuta kioo cha lori kwa waipa unakichora milele. Yanakaa kwenye mkanda wa suruali yanakusaga kiuno mpaka utembee kama mtu aliyetahiriwa jana. Maji ya kwenye mapipa yakawa na ladha ya msumari. Mvua ikinyesha ndiyo balaa zaidi, yanageuka kuwa kama zege, na nilishuhudia paa la jirani likikaa chini taratibu kama mama mzee. Mlima mzima umekaa hapo miaka na miaka, halafu kazi yake ni kutapika kwenye vyakula vya watu. Niliudharau mlima ule.

Enoki alifagia stoo asubuhi, mchana na jioni. Nilimfunga kitambaa kibichi puani. Alikuwa anakohoa na kucheka.

"Kaka, safari hii nimepata mkuu wa kazi mkali. Nikimaliza tu, anamwaga tena."

"Kaa chini. Acha stoo ichafuke."

"Mteja akikuta maharage yana mchanga, atasema Watanzania wanapunja."

Dawa yake ikaanza kuisha. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa, kwa sababu katika majivu yale yale vita navyo vilikuwa vinashuka kutoka kaskazini. Milio tuliisikia kwa mbali, kisha karibu. Jeshi la serikali likapita mbele ya stoo yetu likienda upande usio na milio. Mmoja wao alikuwa amebeba godoro. Bunduki sikuiona.

Kesho yake wakaingia hao wengine, waasi.

Sitawapamba. Nilikuwa nimeona vita, nikategemea kuona jeshi. Nikaona kundi la watu wa rangi moja, kijivu kuanzia kofia mpaka buti, wanakohoa. Wakaja stoo kuchukua mchele, na kila mmoja akajitambulisha kwa cheo. Huyu kanali. Huyu meja. Yule aliyeshika gunia upande wa pili ni luteni kanali.

"Askari wenu wa kawaida wako wapi?" nikamuuliza yule kanali, maana nilitaka kujua nani hasa atabeba.

"Tulipowina mji, wote walipandishwa," akasema kwa majivuno. "Hatuna watu wadogo, muzee."

Nikayaangalia mabega yao. Nyota zilikuwa za kukata na bati, nyingine za kushona. Nimeuza vifungo vya shati vyenye heshima kuliko vile. Wakahangaika na magunia, kila mmoja akimwamuru mwenzake, mpaka Enoki akatoka ndani na kitambaa chake puani akawabebea. Nikamkemea kwa Kikinga. Akanijibu kwa Kiswahili, wasikie: "Kaka, tukiwasubiri hawa watahamia hapa."

Jioni ile kifua kikamkaza.

Asubuhi dawa ikawa haina kitu. Alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, mabega juu, anaivuta hewa kama anaitoa kisimani. Hospitali ya misheni ilikuwa nje ya mji. Kwa lori, si mbali. Nikamweka mbele, nikafunga vioo, tukaondoka. Ilikuwa mchana lakini niliwasha taa.

Kizuizi kilikuwa mwisho wa mji. Gogo la mkaratusi limelazwa juu ya mapipa mawili. Mvua ilikuwa imenyeshea majivu, yakaganda juu ya gogo, yakalishika na mapipa kama limejengwa hapo.

Nikashuka. Yule aliyenijia alikuwa luteni.

"Nina mgonjwa. Hawezi kupumua."

"Mimi luteni tu. Ongea na meja."

Meja akanisikiliza, akaenda kwa kanali. Kanali akaja mpaka mlangoni mwa lori, akamtazama Enoki, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kumwita mkubwa wake. Walipigiana saluti kila hatua. Kwa kila saluti majivu yalidondoka viwikoni.

Mkubwa alitoka kwenye nyumba moja akiwa ameshikiwa mwavuli. Nilimfuta bega kwa macho. Nyota tatu.

"Kapteni," nikasema, "naomba unifungulie."

Akajitazama begani.

"Unanionaka mimi ni kapteni?"

"Nyota tatu, bwana."

"Mimi jenerali, muzee. Jenerali!"

Umri wake ulikuwa sawa na wa mtoto wangu wa tatu, yule ambaye sijampa hata funguo za stoo. Nikageuka nikamwangalia Enoki kwenye kioo kilichochorwa. Mdomo wake ulikuwa umebadilika rangi.

Nikakaza miguu. Nikapiga saluti, ile ya kwetu, ya kweli. Tangu nitoke jeshini sikuwa nimempigia mtu.

"Jenerali, nakuomba. Ni mdogo wangu."

Ikampendeza. Niliona ilivyompendeza, akasahau hata kukohoa.

"Apite," akasema. "Kanali, fungua."

Kanali akamgeukia meja. "Meja, fungua."

Meja akamgeukia luteni. "Luteni, fungua."

Luteni akatazama nyuma yake.

Hapakuwa na mtu.

Luteni akasema yeye ni ofisa. Juzi tu alikuwa ananyanyua gogo lile, akasema, na ndiyo sababu alipandishwa, asilinyanyue tena. Meja akasema lile ni jambo la kweli. Kanali akasema atafutwe mtu.

Nikaenda kwenye gogo mwenyewe.

Meja akakoki bunduki.

"Raia hagusi kizuizi cha jeshi, muzee. Ni sheria."

"Basi shika wewe upande ule."

"Mimi?"

Nikamtazama jenerali. Alikuwa amesimama palepale chini ya mwavuli wake, anasubiri amri yake itekelezwe. Hakuwa mkatili. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mkatili ningemchukia na chuki ingenitosha. Alikuwa ameshatoa amri, na kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

Nilirudi kwenye lori. Nikamshika Enoki mgongo. Alikuwa anahesabu kwa vidole vyake vitu nisivyovijua.

"Kaka," akasema. Akavuta. "Fagio." Akavuta. "Wape."

Alitaka nicheke. Nikacheka.

Wakamleta mpishi. Mtu mzima, amevaa aproni ya gunia, mkono una ukoko wa ugali. Walikuwa wamemsahau siku ya kupandishana vyeo kwa sababu alikuwa jikoni. Hakuuliza kitu. Aliniambia, "Pole, muzee, shika huku," na meja akaniruhusu, kwa kuwa sasa palikuwa na askari wa kushika kizuizi na mimi namsaidia tu. Tukaligonga kwa mawe majivu yakabanduka. Tukalinyanyua. Muda tuliotumia ni wa kuchemsha chai.

Tulisubiri muda gani kabla ya hapo, sijui. Sikuangalia saa. Najua tu majivu yalikuwa yamefunika nyayo nilizokuja nazo.

Nikaendesha. Chujio la hewa lilikuwa limeziba, lori nalo likawa linakohoa, linavuta, linakohoa. Nilikuwa nasikiliza pumzi mbili, ya injini na ya Enoki. Kwenye kona ya mwisho, geti la misheni likionekana, nikabaki nasikia moja.

Sista alikuja mbio na mtungi wa hewa. Akautua chini taratibu.

Nilimzika pale misheni. Kumrudisha hakukuwezekana, barabara zilikuwa zimefungwa pande zote. Nilichimba pamoja na mlinzi wao. Juu udongo, chini jiwe jeusi. Nilipomaliza kuweka msalaba ulikuwa tayari una kijivu mabegani. Nikaufuta. Ukapata tena. Nikauacha.

Kuhusu kurudi sina la kusema zaidi ya hili: shemeji alikuwa amesimama kwenye geti lilelile. Aliangalia upande wa abiria kwanza. Mama yetu Matamba alipoambiwa, aliuliza swali moja, kama ardhi ya huko ina baridi. Nikamwambia haina.

Baadaye nikasikia kundi lile lilipatana na serikali, wakaingizwa jeshini. Yule jenerali walimpa ukanali, na wanasema alilia. Alilia! Mtu aliyezika mtu hajui alie kwa lipi, huyu akalilia kitambaa. Nasikia pia wataalamu wanasema majivu yale yanarutubisha, kwamba mashamba ya kule sasa yanatoa maharage kuliko ya kwetu. Inawezekana. Sijaenda kuangalia.

Wapo wanaonishauri, wengi wao wakiwa na suti, kwamba ningemwita jenerali tangu mwanzo, angeharakisha. Nawasikiliza. Kisha nawauliza: mngemwita rais, gogo lingenyanyuka?

Mwaka jana kwenye harusi hapa Makambako, mshereheshaji akanitangaza kwa kipaza sauti: "Na sasa tunaye Jenerali wa Biashara, Mzee wetu wa Lyamkena!" Watu wakapiga vigelegele. Nikasimama, nikamwambia arekebishe. Mimi ni koplo. Watu walidhani natania, wakashangilia zaidi, nikakaa.

Mtoto wa kwanza wa Enoki sasa yuko dukani kwangu. Amemaliza chuo, ana joho na picha yake, lakini anafagia. Juzi aliniuliza kwa nini geti la ghala sifunguliwi na mlinzi, mzee mzima nashuka kwenye gari kwenye ukungu, magoti yananiuma, navuta komeo mwenyewe.

Nilimwambia ashike upande ule.

Akashika.