Vishimo Vilivyotazama Bondeni

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Malisho alinikabidhi majembe, kamba na kundi la wanafunzi wa sekondari waliofunga shule. "Mama Ekai," akaniambia, "hawa ni wako mpaka likizo iishe. Usiwarudishe wakiwa wamekonda." Mimi ni Mturkana wa Isiolo mjini, na sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Kabla ya chai ya saa nne walishanibandika jina la Nyapara, nikalivaa mpaka nikastaafu.

Kazi yetu ilikuwa kufufua malisho ya jamii. Tulianzia Kipsing, tukang'oa mathenge, ule mti wa miiba unaozinyima nyasi nafasi. Baadaye nikahamishiwa Kulamawe, nikapewa wanafunzi wa huko, kuchimba vishimo vya nusu mwezi: tuta upande wa chini wa mteremko, mdomo wazi upande wa juu. Maji ya mvua huteremka, huingia mdomoni, hutulia kwenye tuta, na mbegu za nyasi huota.

Malisho yale yalikuwa chini ya Mzee Guyo, ambaye ndiye aliyeamua ng'ombe walishe wapi. Alikubali kuyafunga msimu mzima kwa kuwa aliombwa na mjukuu wake Halima, kiongozi wa kikundi changu. Ng'ombe wakapelekwa mbali. Ndama wa Halima, zawadi ya babu yake, alikuwa mnyonge mno kutembea, akabaki nyumbani akilishwa maganda ya mgunga. Nyasi zisipoota, huyo ndiye angekufa kwanza.

Mara niliitwa mjini kwa mafunzo. Niliporudi, vijana walinionyesha kazi yao wakijigamba. Nikashika kiuno. Midomo yote ya vishimo ilitazama bondeni.

"Halima, nani aliwaonyesha hivi?"

"Hakuna, Mama. Mlango ya boma si hukaa chini, ndio maji na mavi itoke?"

Watoto wa wafugaji hao! Boma huachiwa mlango upande wa mteremko ili mifugo ilale pakavu. Walikuwa wamezijengea mbegu maboma mazuri sana. Ningecheka, lakini mawingu yalikuwa yameshakusanyika upande wa milima ya Nyambene.

Nilimpigia simu Afisa. "Achana nayo," akasema. "Tutajaribu mwaka ujao." Nilikasirika. Ndama hawezi kula ahadi ya mwaka ujao.

Tukaanza kugeuza matuta. Mzee Guyo akatokea na fimbo yake.

"Salaam aleikum. Nyapara, mnabomoa?"

"Aleikum salaam, Mzee. Tunageuza. Hapa tunataka maji ndio ilale, si ng'ombe."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akatuletea wachungaji wake wenye majembe.

Mvua ilitukuta kazini. Vishimo tulivyogeuza vilijaa. Tusivyovifikia vilitema mbegu zote. Halima alisimama kwenye matope akalia kwa furaha, nami nikalia naye. Nyasi zilipokomaa, Mzee aliagiza ndama wanyonge waingie kwanza.

Siku hizi magoti yangu hayataki jembe. Naikumbuka kazi ile, hasa kelele za wale watoto. Juzi Halima alinipigia simu. Yule ndama sasa ni ng'ombe, ameshazaa, na jina lake ni Nyapara, eti kwa sababu hupiga kelele hata akiwa ameshiba. Nilimgombeza Halima ipasavyo. Kisha nikamwomba aipeleke simu karibu na ng'ombe, nimsikie.